Makufuli Matatu ya Siku ya Maulidi

Wewe, umewahi kuona chai inayotoa povu?

Usinijibu haraka. Hapo zamani, zamani ya juzi juzi tu, watu wana simu mikononi na bado wanadanganyana uso kwa uso, palikuwa na kisiwa kidogo kilichoishi kwa mambo mawili: dini na wageni. Dini ilikuwa ya mwaka mzima. Wageni walikuja kwa misimu. Na kisiwa kile kilikuwa na sheria yake: kuanzia magharibi ya kuamkia Maulidi mpaka magharibi ya siku yenyewe, pombe haiuzwi. Si baa, si hoteli, si mlango wa nyuma wa duka.

Sheria ilikuwa nyepesi kueleweka, nzito kushikwa. Basi hoteli za ufukweni siku hiyo zikaandika ubaoni: "Leo chai tu." Mgeni akiagiza chai huletewa birika. Birika likimiminwa hutoa povu. Mgeni hupangusa povu mdomoni na kusema, chai ya hapa nzuri mno. Kila mtu alijua. Hata askari wa doria alijua, kwa sababu naye alipenda chai.

Hoteli moja tu haikuwa na birika la namna hiyo. Ilikuwa ya Bi Shemsa, vyumba tisa vyeupe na baraza inayotazama bahari. Bi Shemsa alijigamba sokoni na msibani: "Kwangu mimi, siku ya Maulidi pombe inalala jela."

Na kweli ililala jela. Stoo yake ya vinywaji ilikuwa na mlango mmoja wa mvule na makufuli matatu, yale ya kubonyeza, ukilibana linajifunga. Ufunguo wa kufuli la juu alikuwa nao Bi Shemsa. Ufunguo wa la kati alikuwa nao Sheha Vuai, mkubwa wa serikali pale kijijini. Ufunguo wa la chini alikuwa nao Ustadh Mbarouk wa madrasa. Kila mwaka mtunza stoo alihesabu chupa mbele yao, watatu wakafunga. Kesho yake magharibi watatu wakafungua mbele ya watu. Hakuna aliyeweza kuingia peke yake. Sheha alipenda kusema, "Mlango huu haumwamini mtu, ndiyo maana sisi tunauamini."

Mtunza stoo aliitwa Sabas. Mtu wa bara, Mkristo wa Rombo, miaka kumi na mmoja pale hotelini, watoto wake wawili wamezaliwa hapo na wanasoma hapo. Aliitwa Bwana Sabas siku za kawaida. Kikipotea kitu, aliitwa "yule wa bara".

Mwaka huo, siku mbili kabla ya Maulidi, alifika mgeni mmoja mwanamke, umri wa bibi, jina lake Margit. Alikuja peke yake. Zamani aliwahi kuja na mumewe, fungate yao ilikuwa kisiwani hapo, na tangu hapo kila mwaka tarehe ile ile walikunywa pamoja glasi ya mvinyo mweupe, popote walipokuwa. Mume alikufa mwaka huo. Mke akaja kunywa glasi ile pale ilipoanzia. Na tarehe yao, mwaka huo, iliangukia Maulidi.

Je, aliambiwa kabla hajalipa nauli? Nani amwambie? Tangazo la hoteli lilitaja jua, likataja pweza, likataja pomboo. Maulidi haikutajwa. Mpishi, mwanamke wa ulimi mkali aliyeitwa Mize, alimuuliza Bi Shemsa, naye akajibiwa: "Ukimwambia mgeni mapema, haji. Akishafika, atavumilia."

Wageni hawakuvumilia. Siku ya Maulidi, saa tatu asubuhi, vijana wawili Wataliano walibeba mabegi wakahamia hoteli ya jirani, kwenye chai. Familia moja ilinuna mpaka mtoto akaogopa. Margit hakuhama. Mize alimnong'oneza, "Mama, nenda hapo jirani, watakupa." Margit akatikisa kichwa. "Mume wangu si mtu wa birika," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Mume wangu ni mtu wa glasi."

Akakaa barazani na glasi tupu. Mara alionekana akizungumza na Bi Shemsa. Mara akizungumza na Sheha, aliyepita akielekea kwenye shughuli na kanzu yake mpya. Mara akizungumza na Ustadh, aliyekuja kuazima mikeka ya hoteli. Mgeni kuzungumza na watu, kuna ubaya gani?

Magharibi ikaingia. Watatu wakaja na funguo zao. Watu wakakusanyika, midomo bado ina utamu wa halua. Makufuli yote matatu yalikuwa yamefungwa, hayana mkwaruzo. La juu likafunguliwa. La kati likafunguliwa. La chini likafunguliwa. Sabas akaingia, akahesabu, akarudia.

"Imepungua moja," akasema. "Mvinyo mweupe."

Watu wakaanza kupiga hesabu vichwani.

Bi Shemsa akasema, "Ufunguo wangu haukutoka kwenye kanga yangu kwenda mkono mwingine."

Sheha akasema, "Ufunguo wangu haukutoka mfukoni mwangu kwenda mkono mwingine."

Ustadh akasema, "Ufunguo wangu haukutoka shingoni mwangu kwenda mkono mwingine."

Na wote watatu walisema kweli. Shika hilo. Bi Shemsa akamtazama Sheha kwa jicho la pembeni, Sheha akamtazama Ustadh, Ustadh akayatazama makubadhi yake.

"Labda chupa nayo imekwenda Maulidini," akasema Mize.

"Nyamaza, Mize!"

"Nimenyamaza. Chupa ndiyo inayosema."

Sheha akakohoa kiserikali. "Mimi nitaandika ripoti. Na hoteli ambayo pombe yake inatoka siku kama hii, kibali chake hakina maisha. Isipokuwa mwizi ajulikane."

Bi Shemsa akageuka, na uso wake ukapata pa kutua. "Makufuli hayakuguswa. Basi chupa haikutoka baada ya kufungwa. Ilitoka kabla. Na kabla ya kufungwa, aliyehesabu nani?"

"Sabas," akasema Sheha, upesi mno.

"Sabas," akasema Ustadh, polepole mno.

"Mlihesabu pamoja nami," akasema Sabas. "Sote wanne."

"Sisi tulisikiliza," akasema Bi Shemsa. "Wewe ndiye uliyehesabu. Miaka kumi na mmoja nimekulisha!"

Ikaamuliwa hivi: kesho saa nne asubuhi kuna boti ya kwenda bara. Sabas na mkewe na wanawe wapande. Na barua itawatangulia, hoteli yoyote itakayomtaka ijue ni mwizi wa siku ya Maulidi. Watoto wataacha shule katikati ya muhula, na baba yao hatapata tena kazi anayoijua. Sabas hakujitetea zaidi. Alimtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama huyu, kama mtu anayengoja kitu. Hicho alichokingoja hakikuja.

Sasa niambie wewe. Katika watu wote walioulizwa, kuna mmoja hakuulizwa. Mgeni aliyekuwa anataka mvinyo mweupe, katika hoteli iliyopotelewa na mvinyo mweupe, hakuulizwa na yeyote! Mimi nimesoma vitabu vingi kuhusu ukarimu wetu wa pwani, sijakuta ukarimu mkubwa namna hiyo.

Asubuhi, saa tatu, watatu walikuwa ukumbini wanamalizia barua. Sabas amesimama na mabegi matatu, mkewe na watoto wako nje kwenye mkokoteni. Margit akashuka kupata kifungua kinywa. Akaona mabegi.

"Bwana Sabas anasafiri?"

"Ana dharura ya nyumbani," akasema Bi Shemsa. "Kaa mama, mkate wa kumimina u moto."

"Sina dharura," akasema Sabas. "Mama, samahani, nikuulize. Jana ulitaka mvinyo. Uliupata?"

"Sabas! Mgeni haulizwi!"

"Niliupata, ndiyo," akasema Margit, uso umemjaa nuru. "Niliweka glasi mbili chumbani. Nililia, nilicheka. Asanteni sana."

"Na nani alikufungulia mlango?"

"Nani?" Margit akashangaa. Akanyoosha mkono, akaonyesha mmoja, akaonyesha wa pili, akaonyesha wa tatu. "Wote."

Mize alikuwa mlangoni na sinia. Akaliweka chini ili asikie vizuri.

"Niliomba mwenye hoteli, akafungua," akasema Margit. "Niliomba serikali, akafungua. Niliomba dini, akafungua. Kila mmoja aliniambia, mimi changu tayari, kaombe kwa wenzangu. Mimi nikafikiri: wote watatu! Basi ni ruhusa. Nimefanya kosa?"

Bi Shemsa ndiye aliyelipuka kwanza, na hakumlipukia mgeni.

"Ala! Sheha! Kumbe na wewe!"

"Na mimi? Wewe ndiye wa kwanza!"

"Mimi nilifungua langu tu," akasema Bi Shemsa. "Mgeni ni mgeni wangu, analia kwenye baraza yangu, kesho ataandika dunia nzima kwamba Shemsa ana roho ya jiwe. Nikafungua langu, nikaliacha linaning'inia kwenye pete, usipolivuta utadhani limefungwa, nikamwambia kaombe kwa wengine. Nikajua Sheha atakataa. Akinuna, amnunie Sheha. Kufuli moja wazi si mlango wazi!"

"Na mimi nilifungua langu tu," akasema Sheha, jasho likitoka kwenye kofia. "Nilikushuku wewe, Bi Shemsa. Miaka yote nakushuku. Hakuna hoteli safi kiasi hicho. Nikasema, nitafungua la kati, nijifiche, nione kama hawa wawili watashika amana. Ulikuwa mtego, mtego wa serikali! Kufuli moja wazi si mlango wazi."

"Na ulijificha wapi, Sheha?" akauliza Mize.

Sheha akarekebisha kofia. "Nikaitwa kwenye pilau."

Ustadh Mbarouk alikuwa amekaa. Alisema akitazama meza. "Na mimi nilifungua langu tu. Mke wangu nimemzika Rajabu, mnajua. Huyu bibi alinieleza habari ya mumewe, nikashindwa kumtazama. Nikasema, mimi nikimkatalia, ataondoka akisema dini haina huruma. Nikimfungulia, wale wawili watamkatalia, na mvinyo utabaki ndani, na yeye ataondoka akisema dini ilimhurumia. Nilitaka huruma isiyonigharimu. Kufuli moja wazi..."

"Lakini alasiri nilirudi kulifunga langu," akasema Bi Shemsa ghafla, "nikalikuta limefungwa! Nikadhani bibi kakata tamaa kalibana mwenyewe."

"Na langu nililikuta limefungwa," akasema Sheha.

"Na langu," akasema Ustadh.

Wote watatu wakamgeukia Margit.

"Mimi sikufunga," akasema Margit. "Mimi sikujua kufunga. Niliyaacha hivyo hivyo, yananing'inia."

Sasa wakatazamana kweli. Kama si huyu, na si huyu, na si huyu, nani aliyepita kati ya adhuhuri na alasiri akayafunga? Maana lau yangebaki wazi, magharibi ile watu wote wangeona makufuli matatu yananing'inia, na pasingehitajika mwizi wa kutafutwa. Aliyefunga ndiye aliyewaficha wote.

"Ni wewe, Ustadh," akasema Sheha. "Unajifanya mpole."

"Ni wewe, Sheha. Mtego ni wako."

"Ni Mize!" akasema Bi Shemsa. "Hapiti mahali bila kugusa kitu!"

"Bibi, mimi ningeyaona wazi ningepiga mbiu mpaka msikitini," akasema Mize, na hapo kila mtu alimwamini.

"Ni mimi," akasema Sabas.

Aliweka chini begi alilokuwa amelishika.

"Nilipita saa tisa. Nikayavuta kama kawaida yangu, nikayakuta matatu yote wazi. Nikasukuma mlango, nikaona pengo la chupa moja. Nikajua mmefungua wote, kila mtu kwa siri yake. Ningeweza kuyaacha. Ningeweza kuja kuwaambia. Nikayabonyeza: moja, mbili, tatu."

"Kwa nini, Sabas?" akauliza Ustadh. "Ulitaka kutusitiri?"

"Kuwasitiri?" Sabas akacheka. "Miaka kumi na mmoja, kikipotea kijiko mnanitazama mimi. Nikasema, siku moja tu, chupa ipotee nyuma ya makufuli yao wenyewe, makufuli ambayo mimi sina ufunguo wake, wabaki wao kwa wao. Wajue inavyokuwa kushukiwa. Nilifunga ili mtazamane. Na nikakaa kimya jana nikiwangoja mtazamane. Nilikusudia, Ustadh. Sikuwasitiri. Niliwatega."

Haya, wewe uliyekuwa unajua chai yenye povu. Kuna aliyefungua kulinda jina lake. Kuna aliyefungua ili awanase wenzake. Kuna aliyefungua kwa huruma aliyotaka mwingine ailipie. Kuna aliyeingia kwa sababu milki, serikali na dini zote zilimwambia ndiyo. Na kuna aliyefunga, akijua. Sheria imevunjwa, na Sheha bado ana ripoti ya kuandika, na boti iko gatini.

Je, nani apande?