Masultani Thelathini wa Jikoni

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, alikuwako Sultani aliyeitwa Badawi, naye alikuwa na jiko la halua lenye wakorogaji thelathini na msimamizi mmoja, Mwinyi Dadi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwakumbusha wale thelathini kwamba wao si kitu. Kuzungumza jikoni kulikatazwa. Kuimba kulikatazwa. Kuonja ndiko kulikokatazwa zaidi, kwani halua ilikuwa ya Sultani, na mwenye kuonja alihesabiwa mwizi. Basi wakakoroga toka alfajiri hadi alasiri, midomo imefungwa na macho yakiwa dirishani, halua ikatoka leo mbichi, kesho imeungua, wala hapana aliyejali.

Miongoni mwao alikuwako Shaame, mtu asiye na mbele wala nyuma, aliyekaa na mkewe na binti zake wanne katika chumba kimoja nyuma ya jiko. Mji mzima ulimwita juha, naye hakuukosoa, maana aliona juha haulizwi maswali mengi.

Ikawa siku moja Sultani aliuma halua, jino likagota kwenye bonge la ukoko. Akamwita Dadi, akamwuliza, "Wakorogaji wangu wana nini?"

"Maulana, hawana moyo wa kazi."

"Basi watie moyo!"

Dadi naye, tusimdhulumu, alijitahidi. Alitundika ukutani kitambaa kilichoandikwa "Hapa Sote Ni Ndugu", akakipigilia misumari kwa mkono uleule ulioshika bakora. Akaweka na tuzo: kila mwezi mkorogaji mchangamfu kuliko wenzake alipewa heshima ya kusimama karibu zaidi na moto. Kisha akampitia kila mmoja, bakora begani, akiuliza, "Je, una furaha hapa?" Wote thelathini wakajibu kwamba furaha imewazidi. Dadi akampelekea Sultani habari hizo njema, na halua ikazidi kuungua.

Basi Sultani akaja mwenyewe, adhuhuri, kama ilivyokuwa desturi yake. Akakaa juu ya mito, akapepewa, akasema, "Sikilizeni, enyi wakorogaji. Kuanzia leo fanyeni kazi kana kwamba jiko hili ni lenu, kila mmoja wenu awe kama mimi mwenyewe. Siku ya saba nitakuja na mgeni wangu, Sultani wa ng'ambo ya mto. Nisipoyaona haya, mtafunga virago nyote pamoja na watoto wenu, mtoke katika mji wangu siku hiyohiyo."

Shaame akainua mkono. "Maulana, kila mmoja kama wewe mwenyewe?"

"Kama mimi mwenyewe."

"Bila kupunguza kitu?"

"Bila kupunguza kitu, juha wee!"

Sultani alipoondoka, Bi Mize, mkorogaji mkongwe kuliko wote, aliketi chini akalia. Alikuwa amesimama mbele ya moto ule miaka ishirini na sita, wala hakuwa na kwingine kwa kwenda. "Shaame mwanangu," akasema, "nitalifanyaje jiko hili kuwa langu, nami hata kukohoa naomba ruhusa?"

Shaame mwenyewe aliogopa, tena aliogopa sana, maana aliwawaza wanawe wanne wakilala njiani. Lakini akamwambia, "Usilie, Bi Mize. Tumeamriwa tuwe kama yeye, na mambo yake tunayajua."

Siku sita wakakoroga kama kawaida. Siku ya saba, adhuhuri, Sultani Badawi akaingia na mgeni wake, akasimama mlangoni asiamini macho yake. Wakorogaji thelathini walikuwa wamejinyoosha juu ya mikeka na magunia, wakijipepea, huku mmoja akifoka, "Mbona haijaiva?" na mwingine akiitikia, "Watu hawa hawana moyo kabisa!" Bi Mize alikuwa amejilaza ubavu, akidai kahawa. Mwinyi Dadi peke yake, ambaye amri haikumtaja, naye alihofia mgeni asije akakosa halua, alikuwa akikimbia toka sufuria hii hadi ile na mwiko mkononi, kilemba kimemwangukia shingoni.

"Nini hii?" akanguruma Sultani.

Shaame akajibu pale pale alipolala, "Ni amri yako, Maulana. Tulikumbushana wewe hufanya nini jikoni. Katika sote thelathini hapana aliyewahi kukuona umeshika mwiko. Huja adhuhuri, huketi, hupepewa, huuliza mbona haijaiva, hutukana, huondoka. Nasi tumefanya yote, ila kuondoka tumekuachia wewe utuamrie."

"Lakini mimi huila hiyo halua!"

"Kweli, Maulana, na hapo ndipo tuliposhindwa. Hatujui inavyoliwa."

Mgeni akaangua kicheko. Sultani akaona haya, akaamuru sahani ya halua ya jana iletwe apewe Bi Mize. Bibi akatafuna, akatafuna, akajilazimisha kumeza. Kisha akamtazama Sultani kwa huruma.

"Hii ndiyo unayokula kila siku, baba?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Pole sana, mwanangu. Kumbe humu hamkuwa na hata mtu mmoja aliyekupenda."

Hata Dadi akasahau kukoroga. Sultani aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akajifuta machozi, wala hapana aliyejua kama yote yalikuwa ya kicheko. Akasema, "Hapana atakayefukuzwa. Onjeni, zungumzeni, imbeni, na yeyote akiiona mbaya aniambie usoni." Akataka kumvika Shaame usimamizi, lakini Shaame akamwomba radhi, akasema sufuria yake inaungua. Akainuka kwenye mkeka, akampokea Dadi mwiko, akachovya ncha ya kidole katika halua, akalamba, akauliza kwa sauti kubwa ni nani aliyesahau iliki, na jiko zima likamjibu kwa pamoja.

Mimi niliyewasimulia haya nilifika sufuria zikioshwa, kwa hiyo utamu wake waulizeni wao.