Kura Zote za Bi Mwajabu

Mwaka ule Wamarekani waliletewa wagombea wawili wa urais, na kila mtu alimchagua mmoja kwa kumchukia mwenzake. Bi Mwajabu wa Ujiji, aliyehamia Iowa, alikuwa jikoni akilitazama gunia la vitunguu vya pilau ya harusi ya bintiye. Mwenye nyumba, Bwana Haskell, akaingia bila hodi.

"Mpigie kura mgombea wangu, la sivyo sikuongezei mkataba wa nyumba."

"Nikikupa kura zote nilizo nazo, utatia sahihi?"

"Papo hapo!"

"Basi nitajie jema lake moja, bila kumgusa mpinzani wake. Na kwetu penye shughuli hakai mtu bure. Shika kisu, baba."

Bwana Haskell akacheka, akaanza kumenya. "Kwanza, si mwongo kama yule..."

"Umeshamgusa."

"Angalau yeye..."

"Angalau kuliko nani? Menya, baba."

Alimenya huku akifikiri, machozi yakimchuruzika, mpaka gunia likabaki tupu. Ndipo aliporuka: "Mbwa wake anampenda!"

"Hilo jema kweli. Kura zangu zote chukua."

Bwana Haskell akatia sahihi mkataba, kisha akafungua daftari la kampeni. "Niandike ngapi?"

"Hakuna hata moja," alisema Bi Mwajabu akikusanya maganda. "Uraia bado sijapata. Ningekwambia mapema, lakini hukuuliza, na vitunguu vilikuwa vingi."