Ukurasa wa Mvua

Wamesimulia waliotutangulia, Mungu awatilie nuru makaburini mwao, ya kwamba katika mji mmoja wa pwani ya kaskazini, zama ambazo misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kalamu zikichongwa kwa matete, aliishi mnakili aliyeitwa Shekuwe bin Hamadi. Hati yake ilikuwa nzuri hata wasiojua kusoma walipenda kuitazama tu. Alikuwa mtu wa swala na mwenye haya, ila kalamu ilimtia kiburi kidogo.

Katika mji huohuo alikuwapo Bi Mwanaheri, binti wa marehemu Maalim Hambali. Kila Ijumaa baada ya alasiri, wanawake na watoto walijaa barazani kwake, naye akawasimulia habari za baba yake. Ah, siku zile! Watu walikuwa bado na nafasi ya kukaa kitako na kusikiliza.

Kisa walichokipenda kuliko vyote ni cha mwaka wa ukame. Maalim Hambali alikuwa akienda kisima cha mbali kila alfajiri, na mtungi mmoja wa maji aliopata akautua mlangoni mwa msikiti, anywe mpita njia yeyote. Nyumbani alibakiza kata moja tu ya maji, ya bintiye. Siku moja akaja bibi kizee kipofu, na mtungi wa msikitini umekwisha. Maalim akaingia ndani, akatoa ile kata ya mwanawe, akampa. Hapo Bi Mwanaheri aligonga kwa ukucha mtungi mtupu uliokuwa ubavuni pake, akanyamaza. Watoto wakazuia pumzi. Kisha akasema polepole, "Na jioni ileile, mvua ikanyesha." Barazani zikapanda sauti za kumshukuru Mola, na wengine wakalia.

Shekuwe alikisikia kisa hicho tangu akiwa amepakatwa na mama yake. Sasa ndevu zilikuwa zimeingia mvi, na bado akisikia mtungi ukigongwa popote, machozi yalimlenga machoni.

Basi Bi Mwanaheri akashikwa na maradhi ya kifua. Sauti ikamkauka, na baraza ikawa tupu Ijumaa baada ya Ijumaa. Shekuwe akaingiwa na hofu: huyu bibi akienda na kisa chake, mji utabaki na nini? Akachukua karatasi na wino, akaketi karibu na kitanda chake, akayapokea maneno yake kidogo kidogo. Kisha akarudi kwake kuyapamba, na siku ya saba akaleta andiko zuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

Mji ule ulikuwa na ada yake. Andiko lililotoka kinywani mwa mtu halikutiwa jina lake mpaka asomewe lote, naye aseme "Nakiri" mwisho wa kila ukurasa. Ukurasa asioukiri ulioshwa kwa maji, wino ukatoka wote, hata kama mnakili aliuandika mwezi mzima. Shekuwe akaweka bakuli la maji pembeni kwa kufuata desturi tu, hakudhani atalihitaji.

Akasoma ukurasa wa kwanza. Bi Mwanaheri akacheka mpaka akakohoa. "Shekuwe mwanangu, baba yangu umemvika majoho yote haya! Kisima kilikuwa mbali, atafikaje?"

"Ni maneno ya heshima, mama."

"Mvue mawili matatu, apate kutembea. Haya, nakiri."

Wa pili vilevile. Kisha akauliza, "Na pale nilipogonga mtungi, umeandika nini?"

"Nimeandika, 'akanyamaza kidogo.'"

"Maskini kalamu," akasema kwa huruma, na akakiri.

Akasoma wa tatu, wenye mvua. Aliupamba huo kuliko yote. Alipomaliza, akangoja. Bi Mwanaheri alikuwa akitazama dari.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Uoshe."

Shekuwe akadhani ni homa. Akausoma tena, taratibu. Bibi akatikisa kichwa. "Mvua haikunyesha jioni ile. Wala kesho yake. Ilikuja baada ya siku arubaini. Mimi nililala na kiu, na nilimkasirikia baba yangu kwa kata ile."

Moyo wa Shekuwe ukavunjika, sina neno jingine. Akasema, "Mama, mji mzima umelelewa na mvua hiyo. Mimi nimelelewa nayo. Sema tu nakiri, nani atajua?"

"Aliyeizuia jioni ile anajua." Akapumzika, kisha akaendelea, "Nikisimulia, nipo. Mtu akitaka kuniuliza, ataniuliza, na uso wangu anauona. Lakini kitabu chako kitafika kwa watu wasionijua, na hakuna wa kuwajibu. Nitamtolea Mungu ushahidi wa mvua ambayo hakuileta?"

"Basi kwa nini ulitusimulia hivyo miaka yote?"

Bi Mwanaheri akamgeukia. "Kwa ajili yako. Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ulikuwa ukame wa pili, na baba yako ndiyo kwanza amezikwa. Zamani nilikuwa nikimalizia kwa kusema baba yangu aliamka alfajiri akachukua mtungi. Siku ile nikagonga, nikanyamaza, nikautazama uso wako. Ulikuwa unalia kwa kiu. Nikashindwa, mwanangu, nikasema mvua ilinyesha. Wewe ukacheka, na Ijumaa iliyofuata mkaidai tena. Namwomba Mungu anisamehe."

Shekuwe alilia kama mtoto mbele ya yule mgonjwa, kisha akavuta bakuli, akauosha ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Maji yakawa meusi. Siku ya tatu akaja na ukurasa mpya, mfupi, usio na pambo hata moja. Bi Mwanaheri akasomewa, akasema "Nakiri" kwa sauti iliyosikika hadi uani. Hakuiona Ramadhani iliyofuata, Mungu amrehemu.

Kitabu kikasomwa msikitini kila mwaka. Mwaka wa kwanza, watu waliongoja mvua walisikia hivi: "Jioni ile mvua haikunyesha. Binti yake alilala na kiu. Kulipokucha, Maalim Hambali alichukua mtungi akaenda kisimani." Hakulia mtu. Lakini alfajiri yake, watu watatu walikutana njiani kwenda kisimani, kila mmoja na mtungi wake, wala hawakuwa wamepeana ahadi.

Ndugu zangu, ulimi na kalamu ni amana mbili, na Mola ataziulizia zote. Ulimi uliona uso wa mtoto ukamhurumia. Kalamu haioni uso wa mtu, nayo haikuwa na udhuru huo. Shekuwe alilijua hilo, na bado hakutaka huruma ile ipotee. Ukikifungua kitabu chake pale penye mvua, utaona pambizoni maandishi madogo: "Bi Mwanaheri alikuwa akisema hapa kwamba mvua ilinyesha. Aliyasema hayo kumnyamazisha mtoto aliyekuwa akilia. Mtoto huyo ndiye aliyeandika haya, na kiu ilimtoka."