Kibuyu Kisichovuja

"Kibuyu kisichovuja nacho hutaka mafuta." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, kisha mkaniuliza maana yake. Kaeni basi. Methali hii ilianzia huku huku milimani Upare, katika nyumba ya mama aliyeitwa Nakiete.

Zamani hizo kila mtoto alipoachishwa ziwa alipewa kibuyu chake cha maziwa. Mama alikipaka samli mara kwa mara, maana kisipopakwa hukauka kikapasuka. Nakiete alikuwa na watoto wawili, Naelijwa na mdogo wake Mbazi.

Mbazi aliugua kifua. Mwaka ule ukungu ulishuka ukakaa, siku zikawa kama siku moja ndefu, nyeupe, na ndani yake kilisikika kikohozi tu. Kibuyu cha Mbazi nacho kilikuwa kikivuja. Mama alikishona, akakipaka samli, kisha kwa mkono uleule akamsugua mwanawe kifuani. Kila asubuhi ikawa hivyo. Kibuyu cha Naelijwa kilining'inia ukutani. Watu wakiuliza habari za binti, Nakiete alijibu, "Huyo hana neno."

Asubuhi moja alimkuta Naelijwa amekaa nje, kifua wazi, nywele zimejaa matone.

"We mtoto! Unafanya nini kwenye ukungu?"

"Nasubiri kikohozi, mama."

"Kikohozi cha nini?"

"Kikija, nami utanipaka."

Nakiete akageuka. Mbazi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kibuyu cha dada yake. Kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni.

"Tazama, mama. Kikavu kama kisigino cha bibi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe kibuyu kisichovuja nacho hutaka mafuta."

Samli iliyobaki siku hiyo ilimtosha mtu mmoja. "Leo ya dada," Mbazi akasema. Mama akampaka Naelijwa kifuani, taratibu, na yule mtoto asiyeumwa kitu akalia kama aliyeguswa kidonda.

Mbazi hakuiona mvua ya vuli. Siku ya matanga wanawake walimzunguka Nakiete, na Naelijwa akasimama kando, ameshika kata ya maji. Mama akafunua upande wa nguo yake, akamwita aje akae ndani yake.

"Mwache ahudumie wageni," jirani mmoja akasema. "Huyo mzima, hana neno."

Nakiete akamvuta binti yake kifuani, akamfunika.

"Kibuyu kisichovuja," akasema, "nacho hutaka mafuta."