Damu ya Mininga ya Uzanda

Katika mji wa Uzanda alitawala Sultani Shamte bin Haidari, mwenye hazina isiyo kifani na mwana mmoja tu, Ghanimu, na subira hakuwa nayo hata chembe. Siku moja akaamuru msitu wa mininga utiwe moto ili swala wamtokee mbele ya mishale yake, na waliojua kwamba Ghanimu ameingia humo kutafuta asali wakaogopa kumkatiza maneno.

Moto ulipozimika ndipo wakamwambia, na sultani akatembea juu ya majivu akilia, na mara majivu yakainuka yakawa jini, naye jini akasema, "Ewe Sultani, mwanao nilimficha ndani ya mzizi wa mninga, na mti huo utakapochanua atatoka mzima. Lakini chuma kisiguse ardhi hii."

"Ni mninga upi?"

"Nikikuonyesha, utangoja?" akauliza jini, akatoweka.

Mvua ya kwanza ikaleta nyasi na maua mekundu yaliyochomoza majivuni, na baadaye uyoga na vipepeo, na machipukizi yakatoka kwenye visiki vyeusi ambavyo kila mtu aliapa vimekufa. Kila asubuhi sultani aliinama akasema, "Ghanimu, mimi baba yako nipo hapa." Laiti angeishia hapo, maskini. Mwaka wa pili ulipokwisha bila mninga kutoa ua, aliagiza majembe.

Mzizi wa kwanza ulipokatwa ukatoa utomvu mwekundu kama damu, na sultani akapiga magoti.

"Tumemkata mwanangu."

"La, Maulana," akasema waziri Mkadara, ambaye jua lilikuwa limemchosha, "mninga wowote ukikatwa hutoka damu. Tuendelee."

Wakaendelea, na kila mzizi ukatoka damu, mpaka bonde zima la upande huu wa mto likawa jekundu, wala hawakuona mtu.

Msimu uliofuata tu, ng'ambo ya mto ambako majembe hayakufika, mininga iliyobaki ya msitu huo ikachanua manjano. Sultani akasimama chini ya kila mmoja mpaka ua la mwisho likaanguka, na hakuna aliyetoka. Ndipo alipojua kwamba alimuua mwanawe mwenyewe, ila hajui kwa jembe lipi.

Watu wa Uzanda wakaendelea kuoa na kuoza, na hazina ikabaki tele bila mrithi. Nami msimulizi nasema: aliombwa akae tu, na hilo ndilo lililomshinda.