Uzi Mmoja Ukikatika

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo, mnisindikize hadi kusini, kwenye mji mmoja uliojengwa kando ya mto. Mto ule ulizungusha gurudumu, gurudumu likaendesha kiwanda cha nguo, na kiwanda kikalisha mji. Marekani, ile nguo yao nyeupe ya pamba, ndiyo iliyompokea mtoto siku anapozaliwa, na ndiyo iliyomsitiri mzee siku anapozikwa. Hebu fikirini, mji mzima unaingia duniani na kuondoka ukiwa ndani ya kitambaa kimoja.

Basi mjane mmoja akapata kazi pale, kazi ya majaribio. Msimamizi alimwambia wazi, "Mama, Jumamosi nitakagua kitambaa chako. Kikiwa kibovu, mtambo huu nampa mwingine." Na mjane yule hakuwa na shamba wala ndugu wa kumkimbilia.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya mtambo akautazama juu hadi chini. Maelfu ya nyuzi zimetandwa, nyembamba kama nywele za mtoto, na kila uzi umetundikiwa kibati chake kidogo. Uzi ukikatika, kibati kinaanguka, na mtambo mzima unasimama. Dude kubwa kama nyumba, linasubiri uzi mmoja uungwe! Mwili ulimsisimka, akasema moyoni, huyu aliyetengeneza hiki ni mtu wa namna gani?

Lakini mazoea yana taabu. Kufika Alhamisi ule mshangao umegeuka kero. Kila akishika kasi, kibati chini, mtambo kimya, na wenzake wanamwacha. Jirani yake akamsogelea akapaza sauti sikioni mwake, maana mle ndani huwezi kunong'ona.

"Shoga, vifunge hivyo vibati kwa kamba. Hautasimama tena."

"Na uzi ukikatika?"

"Nyuzi ziko tele. Nani atauona mmoja?"

Akavifunga. Mtambo ukanguruma hadi jioni, naye akaimba.

Jumamosi msimamizi akakishika kile kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta taratibu tu. Kikachanika kutoka juu hadi chini. Mjane akaushika ule mpasuko.

"Mzee, ni uzi mmoja tu uliokatika."

"Ulianza mmoja, mama. Ukajisokota kwa jirani zake, nao wakakatika. Mtambo ulitaka kukwambia, wewe ukauziba mdomo."

Hakumfukuza. Alimwamuru avifungue vile vibati, kimoja kimoja, kwa vidole vyake. "Ukimaliza, ndipo utakuwa mfumaji." Mama wa watu akafungua huku analia, na kadiri alivyofungua hofu njema ikamrudia. Hakukuta uzi hata mmoja uliosahauliwa, usio na kibati chake.

Ndugu zangu, huyo ndiye Mungu wetu. Kwake hakuna uzi wa ziada. Na sisi je? Leo ibada imeanza kwa wakati. Kwaya imetuinua. Hakuna kilichosimama, wala hakuna aliyeuliza. Sasa geukeni mlitazame benchi la karibu na dirisha. Yule mama anayekaa pale hajaonekana tangu Pasaka. Nani amepita kwake? Nani anajua hata jina lake?

Mnainama. Basi leo sitamaliza mahubiri, na wimbo wa mwisho hatuimbi. Anayeijua njia ya kwake asimame atutangulie, sisi sote tunamfuata.