Habari Iliyompita Hoza

Msaka jibu huipita habari. Hivyo ndivyo mjomba wenu alivyomwambia mwenzenu Mwajabu asubuhi hii, binti huyo alipomkatiza bibi yake maneno huku macho hayabanduki kwenye karatasi za mazoezi ya Kiingereza. Mkacheka, mkadhani ni mzaha wa mjomba, kisha mkanijia mimi shangazi yenu kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Huko juu milimani Usambara, kwenye kijiji cha ukungu na miti ya mapeasi, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Mama Hoza. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee angali mdogo, akazikwa juu kidogo ya shamba. Mtoto huyo, Hoza, alikuwa na ugonjwa wa kusoma. Akitumwa sukari dukani, hakuangalia sukari; aliangalia gazeti lililofungiwa sukari. Alisoma mpaka pale karatasi ilipochanika, na hapo ndipo kilio kilipoanza, maana mwisho wa kisa ulikuwa umebaki kwa muuza duka, umefungiwa chumvi ya mtu mwingine.

"Njoo hapa," mama yake alikuwa akimwambia, naye anachambua maharage. "Umeishia wapi?"

Hoza humweleza. Basi mama humalizia kisa kwa kichwa chake mwenyewe, mpaka maharage yaishe na mtoto atulie. Yule mama hakusoma hata darasa moja, lakini alimalizia visa vya magazeti ya nchi nzima.

Hoza alikua, akasoma, akahitimu chuo. Ajira ikawa ngumu kama mnavyoiona nyinyi leo. Zikatangazwa nafasi za ukarani katika ofisi moja kubwa kule Tanga, nafasi chache na waombaji umati, na ili kuwachuja watu hao ukawekwa mtihani wa Kiingereza: sarufi, msamiati, na habari ya kusoma na kujibu maswali. Hoza akaufanya mara ya kwanza, akaanguka. Si kwamba Kiingereza hakukijua. Habari ya mtihani ilimhusu mzee mmoja mfuga nyuki aliyeachwa na watoto wake, na Hoza akamsoma mzee yule kwa huruma, akarudia, akabaki anajiuliza nani atamrinia asali akizeeka zaidi. Wakati anawaza hayo, msimamizi akasema kalamu chini.

Rafiki zake walimtania sana. "Ulikwenda kufanya mtihani au ulikwenda kumpa pole mzee wa nyuki?"

Alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Mama yake alikuwa peke yake mlimani, mgongo umeanza kupinda, na yeye ndiye aliyekuwa tegemeo lake. Alitaka kazi ile ili amjengee mama nyumba ya bati isiyovuja, amtoe kwenye jembe. Hilo ndilo alilolitaka, wala hakulitaka kwa ajili yake. Mlishike hilo, msije mkamwona Hoza mtu mbaya.

Basi akashuka Tanga, akapanga chumba, akajiunga na darasa la Mwalimu Kaniki. Darasa lenyewe lilikuwa nyuma ya mafundi cherehani, na wanafunzi walisoma sarufi huku vyerehani vinalia ukutani. Mwalimu Kaniki alikuwa bingwa wa mitihani ya mchujo, na waliopita mikononi mwake wengi walipata kazi. Alimsikiliza Hoza akisimulia alivyoanguka, akatikisa kichwa.

"Wewe unaingia kwenye habari kama mgeni," alimwambia. "Mgeni hukaribishwa, akakaa, akala, akauliza hali za watoto. Mtihani hautaki mgeni, unataka msaka. Anza na maswali. Ukishajua unachosaka, ingia, kamata jibu lako, toka. Kisichoulizwa kiruke. Hata kama nyumba inaungua humo ndani ya habari, kama hujaulizwa, wewe pita!"

Darasa zima likacheka. Hoza akacheka zaidi ya wote, na siku hiyo akaanza kujifunza usaka.

Alijifunza kwa bidii ya mtu aliyekwishaanguka. Nyakati za vitenzi alizikariri akikoroga uji. Maneno mapya aliyaandika kwenye vipande vya karatasi akavibandika ukutani, juu ya kitanda na juu ya beseni la kunawia, kila neno na kisawe chake na kinyume chake. Akatafuta mitihani ya miaka iliyopita, akaipiga nakala, akaifanya mpaka karatasi zikalegea. Mwanzoni aliona tabu kuruka sentensi, zilimvuta shati. Baadaye akazoea. Jicho lake likawa linashuka kwenye ukurasa, linadonoa mwaka hapa, jina pale, sababu pale, basi.

Lakini mazoea yana taabu. Jicho likifundishwa kuruka, sikio nalo hujifunza. Muuza mihogo akianza kueleza mvua ilivyoharibu njia ya kutoka shamba, Hoza humkata: "Bei?" Mwenye nyumba akija kusalimia, Hoza huuliza, "Ulikuwa unasemaje?" Watu wakasema kijana yule ana haraka. Hakuwa na haraka, maskini. Alikuwa anasaka.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu wa kule mlimani hawatangulizi zito mbele. Mtu mzima hamwambii mwanawe, "Ninaumwa." Ataanza na mvua, aje kwenye shamba, apitie kwa jirani, na lile zito ataliweka katikati, kati ya kuku na ua, kisha aendelee kama hakusema kitu. Anayesikia ndiye wa kuliokota. Hoza alilelewa hivyo. Alilijua jambo hilo kama anavyolijua jina lake.

Na jambo la pili: nyumbani kwa Mama Hoza mtandao wa simu ulikuwa haushiki vizuri. Mtu akitaka kuongea, alipanda mpaka kiwanja cha shule, juu kabisa, ambako sauti ilisikika bila kukatika. Mama Hoza hakuwahi kumpigia mwanawe kutoka mahali pengine. Alikuwa akipanda na kanga yake begani, akipumzika njiani, na Hoza alizoea kusikia upepo wa kiwanjani nyuma ya sauti yake.

Wiki moja kabla ya mtihani, simu ya Hoza ikaita. Mbele yake palikuwa na karatasi ya mazoezi, kalamu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko na joto lenu?"

"Hatujambo. Mama, sauti inakatika. Panda kiwanjani."

"Leo niko hapa hapa uani. Mapeasi mwaka huu yamezaa, we acha tu. Matawi yameinama. Lakini mengi yameanguka, kuku wanadonoa."

"Unataka nitume chochote cha kibarua wa kuchuma?"

"Aa, hapana. Wacha kuku nao wale. Yule ng'ombe nimempelekea Mama Salha. Kwake kuna majani mengi. Na maji ananiletea yeye, mwanamke ana moyo yule. Juzi tulikaa hapa tukamkumbuka baba yako. Pale alipolala pameota magugu, nikasema wapafyeke, na pembeni pake napo wapafyeke, pawe na nafasi."

Hoza alikuwa akisikiliza jinsi alivyozoea kusoma. Alisubiri swali lije ili ajue anasaka nini. Swali halikuja. Kalamu yake ikagonga meza.

"Mama, samahani. Shida yenyewe ni nini? Niambie unachotaka nikusaidie, maana mtihani ni wiki ijayo."

"Sina shida, mwanangu. Nilikuwa nakuhadithia tu."

"Basi nikimaliza mtihani nitakupigia, tuongee vizuri."

"Haya, maliza kwanza. Mungu akutangulie."

Simu ikakatika, na Hoza hakujua kama ni mtandao au ni mama. Akajumlisha moyoni kama alivyofundishwa: mama hajambo, hana shida, hahitaji kitu. Akarudi kwenye visawe vyake.

Siku ya mtihani Hoza alisaka kuliko watu wote. Sarufi aliimaliza wenzake bado wanafuta. Kwenye habari alianza na maswali, akaingia, akakamata, akatoka, na muda ukambakia. Nje, msichana mmoja aliyeketi jirani yake akamwuliza, "Kwani ile habari ilihusu nini hasa? Mimi nilichanganyikiwa."

Hoza akafikiri. Akajikuta hajui.

"Sijui," akasema, "lakini nimejibu yote." Wakacheka, wote wawili na waliokuwa karibu.

Bado anacheka hivyo akampigia mama yake. Simu ikapokewa na mtu mwingine.

"Hoza? Ni mimi, Mama Salha."

"Shikamoo, Mama Salha. Nimemaliza mtihani. Nipe mama."

"Marahaba. Panda gari uje nyumbani, baba."

"Kuna nini?"

"Panda gari uje."

Hapo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Akapanda gari vile vile alivyokuwa, na penseli yake mfukoni.

Alifika ukungu umeshashuka. Waliomzika mama yake walikuwa wanateremka kutoka juu ya shamba, majembe begani, na kila aliyekutana naye njiani alimshika mkono. Mama Hoza alikuwa amefariki alfajiri ya siku ile. Walimngoja mwanawe mpaka alasiri, lakini barabara ya mlimani haina huruma, na maiti hangojeshwi. Kaburi lilikuwa pembeni mwa baba yake, mahali palipofyekwa.

Hoza alikaa mkekani, mgongo ukutani. Chini ya miti ya mapeasi matunda yalikuwa yametapakaa, yameoza, nyuki wanayazunguka. Mama Salha akamletea maji. Hoza hakuyapokea. Hasira ilimpanda kabla ya machozi.

"Mbona hamkuniambia? Kumbe alikuwa anaumwa! Hata yeye mwenyewe hakuniambia!"

Mama Salha akakaa chini karibu naye. Hakumkaripia.

"Alikuambia, baba," akasema. "Nilikuwa nimekaa naye pale uani. Mimi ndiye niliyemshikia simu, mkono wake haukuwa na nguvu. Alikuambia yote."

Hoza akataka kukataa, akashindwa. Alikuwa na kumbukumbu nzuri, na maneno yote aliyoyaruka yalikuwa bado yapo, yamekaa yakimngoja. Akaanza kuyataja moja moja, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Aliniambia yuko uani."

"Kiwanjani hakuweza kupanda tena."

"Aliniambia mapeasi yanaanguka."

"Mikono haikufika juu."

"Aliniambia ng'ombe amekuletea wewe. Aliniambia unamletea maji. Aliniambia pale kwa baba, pembeni pafyekwe pawe na..."

Hakuweza kulimaliza hilo. Akajifunika uso kwa mikono, akalia mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakanyamaza.

"Nami nikamwuliza shida yenyewe ni nini," akasema alipopata sauti. "Alisemaje simu ilipokatika?"

Mama Salha alisita, lakini hakuwa mtu wa kuficha.

"Alicheka kidogo. Akasema, 'Zamani mwanangu alikuwa akililia mwisho wa karatasi iliyochanika.' Kisha akaniomba nimwingize ndani, kulikuwa na baridi. Tulitaka kukupigia sisi. Akatukataza, akasema umalize kwanza."

Ndipo Hoza akasema neno lile, akiuambia ukuta kuliko mtu: "Nilikuwa nasaka jibu, habari ikanipita."

Wanawake wa jikoni walilisikia. Matanga hayajaisha, kijiji kizima kilikuwa nalo.

Majibu ya mtihani yalipotoka, jina la Hoza lilikuwa juu kabisa. Mwalimu Kaniki alimwita mbele ya darasa, wakampigia makofi, na Hoza akasimama pale kama mtu anayepigiwa makofi kwa jina la mwingine. Kazi akapewa. Bati la nyumba hakulinunua, maana halikuwa na mtu wa kumkinga mvua.

Walimweka kwenye dirisha la kusikiliza wananchi. Hapo ndipo watu walipomjua. Kikongwe akifika dirishani akaanza na mbuzi wake, Hoza hakumkata. Aliweka kalamu chini, akamsikiliza mbuzi, akamsikiliza mkwe, akasikiliza mvua, mpaka lile lililomleta litokee lenyewe. Nyuma mstari unarefuka, watu wanaguna, wengine wanatukana. Mkuu wake akatoka ofisini siku moja, akamwambia, "Wewe Hoza, waulize shida yao ni nini, wakujibu, waende!"

Hoza akamjibu kwa adabu, "Mkuu, msaka jibu huipita habari."

Mkuu hakuelewa, lakini mama mmoja wa mlimani aliyekuwa kwenye mstari alielewa, akawageukia wenzake akawasimulia kama ninavyowasimulia. Siku ile mstari haukuguna tena. Kutoka hapo neno likaingia sokoni, likaingia madarasani, mpaka leo limefika kinywani mwa mjomba wenu.

Mwalimu Kaniki hakufundisha uongo. Mtihani ukija, Mwajabu, anza na maswali, saka, upasi, tutakupikia pilau. Lakini sasa weka hizo karatasi chini. Asubuhi bibi yako alikuwa anakueleza habari za kuni, nawe ukamwuliza, "Kwani bibi unataka nini?" akanyamaza. Nenda kakae naye. Usimwulize anataka nini. Mwache aanze tena na kuni, umsikilize mpaka mwisho, maana msaka jibu huipita habari.